Bastola Chini ya Koti: Je, Unahitaji Kibali? Mwongozo kwa Wakazi wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Swali ni lilelile, na limenifikia mara nyingi hadi nimeona bora nikae niliandikie jibu. Mfanyabiashara wa mpunga wa Igurusi aliniuliza akiwa amekumbatia begi la fedha za mauzo. Mchimbaji mdogo wa Chunya aliniuliza. Juzi kijana wa Mafinga anayesafirisha mbao naye akaja: "Kaka, nikiificha kiunoni asiione mtu, bado nahitaji kibali?"

Ndiyo, unahitaji. Na unahitaji hata kama huibebi, hata kama imelala uvunguni mwa kitanda na haijawahi kuvuka kizingiti cha mlango.

Wengi hujikwaa kwa kudhani sheria yetu inatenganisha silaha inayoonekana na iliyofichwa. Inachotazama kwanza ni kama una leseni ya kuimiliki au huna. Sheria yenyewe ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Leseni anapewa mtu aliyetajwa kwa jina, kwa silaha iliyotajwa kwa namba. Mke hatumii leseni ya mumewe, mtoto hatumii ya baba yake. Koti halibadilishi kitu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, naishi Uyole. Sitoi leseni na sina mtu wa kukupitishia faili. Naandika kwa sababu nimeona watu wema, wakulima na wajane, wakiingia matatani kwa jambo ambalo wangelimaliza kwa kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kuhusu video za Marekani

Vijana wananiletea video za watu wa Texas wakitembea na bastola kiunoni. Wanachokiona ni kweli, ila ni cha kwao. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Vermont haijawahi kudai kibali cha kubeba silaha iliyofichwa. Alaska iliacha kukidai mwaka 2003, Texas Septemba 2021, Florida 2023. Sasa zaidi ya nusu ya majimbo hayakidai. New York na California bado zinakidai, hata baada ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2022 kulibatilisha sharti la New York lililomtaka mwombaji aeleze haja ya pekee.

Hata huko, "bila kibali" si kila mtu. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa haruhusiwi kumiliki silaha, na mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi pia, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Kwa hiyo ukienda kumtembelea shangazi Houston, usiguse bastola ya mtu. Turudi nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa cha NIDA. Umri uwe miaka 25 au zaidi.
- Picha ndogo za pasipoti za hivi karibuni, nakala kadhaa. Utaombwa tena na tena.
- Sababu ya kueleweka unayoweza kuionyesha: leseni ya biashara, hati ya mgodi, hati au barua ya shamba. "Najilinda tu" haitoshi mbele ya kamati.
- Rekodi safi. Kesi ya kumpiga mkeo au ugomvi wa baa itajitokeza, usidhani imesahaulika.
- Sefu au kabati la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni. Litayarishe sasa, usisubiri silaha ifike.
- Subira. Faili linapita mikono mingi, na mimi siku zote nashauri usimwahidi mtu tarehe.

Hatua kwa hatua

1. Jiulize kwanza kama tatizo lako linatibiwa na bastola. Nalisema hili kwa moyo wote. Yule mfanyabiashara wa Igurusi alikuwa anabeba fedha taslimu kwa sababu wakulima wanataka kulipwa mkononi. Tulikaa, tukapanga: malipo makubwa yapitie benki, madogo yapitie simu, na siku ya kubeba fedha isijulikane na vibarua wote. Hajanunua bastola mpaka leo. Mtu anayekuvizia ndiye anayechagua saa na mahali. Wewe utakuwa bado unafungua zipu ya koti. Kama baada ya kufikiri bado unaona unaihitaji, endelea.

2. Anzia mtaani au kijijini kwako. Andika barua ya maombi kwa uongozi wa mtaa au kijiji, ukieleza aina ya silaha na sababu. Watu hurukia makao makuu ya polisi wakidhani ndiyo njia ya mkato, kisha wanarudishwa. Kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa ndiyo inayokujua: kama ukinywa unapiga kelele, kama una ugomvi wa mpaka na jirani, kama watoto wako wanakuogopa. Hakikisha kikao kimekaa kweli na muhtasari umeandikwa, una sahihi na mhuri wa mtendaji. Muhtasari ulioandikwa na mtu mmoja jioni akiwa peke yake utakuletea shida mbele ya safari.

Kosa la kawaida hapa: kuomba kupitia kijiji ulikozaliwa wakati unaishi kwingine. Kama makazi yako ni Soweto, Mbeya mjini, usiende kuombea Tukuyu kwa sababu mwenyekiti ni mjomba wako. Omba unapolala.

3. Kata, kisha polisi wilaya. Kutoka mtaani maombi hupanda kata, halafu kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Hapo utajaza fomu, utachukuliwa alama za vidole na utahojiwa. Jibu kweli. Ukiulizwa kama umewahi kushtakiwa, sema, hata kama ulishinda kesi. Mtu aliyeficha kesi ndogo ya miaka kumi iliyopita anaonekana mwongo, na mwongo hapewi bunduki.

Malipo yote ya serikali yanalipwa kwa namba ya malipo, ile kontroli namba, na unapata risiti. Akija mtu akakwambia "nipe mkononi nikusogezee faili", ondoka. Nimewahi kukutana na mzee aliyelipa mara mbili kwa watu wawili tofauti, na kumbe faili lake halikuwa limetoka kata.

4. Wilaya, mkoa, halafu Msajili. Kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya inajadili, kisha ya mkoa, na uamuzi wa mwisho unatoka kwa Msajili wa silaha makao makuu ya polisi. Kazi yako katika kipindi hiki ni moja: kutunza nakala ya kila karatasi na tarehe uliyoiwasilisha. Nunua daftari la kaunta, uandike.

Onyo: usinunue silaha wakati unasubiri. Kuna watu huambiwa, "Chukua tu, kibali kinakuja." Siku zote zilizo katikati ya kuichukua na kupata leseni, wewe ni mtu anayemiliki silaha kinyume cha sheria.

5. Jifunze kuitumia. Sheria ya 2015 inataka mmiliki awe na uwezo uliothibitishwa wa kutumia silaha. Usilichukulie kama karatasi ya kukamilisha faili tu. Jifunze kuikagua chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), kuitoa magazini (kasha la risasi) kwanza kabla ya kuvuta mtambo, kuweka kidole nje ya kifyatulio mpaka uwe umeamua. Bastola ambayo magazini imetolewa bado inaweza kuwa na risasi moja ndani ya chemba, na risasi hiyo moja ndiyo inayoua watu wa nyumbani.

6. Nunua duka lenye leseni, kisha linganisha namba. Namba iliyochongwa kwenye chuma, namba kwenye ankara na namba kwenye leseni ziwe moja, tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo ukiwa bado dukani. Kosa la tarakimu moja kwenye karatasi linageuza silaha yako halali kuwa silaha isiyojulikana. Silaha za kivita, kama SMG na AK-47, si za raia. Usizungumzie hata bei.

7. Kuibeba. Sasa tumefika kwenye swali lenu. Ukiwa na leseni yako, kwa silaha hiyo, hivi ndivyo ninavyowashauri watu:

Leseni halisi iwe pamoja nawe kila silaha inapokuwa pamoja nawe. Bastola ikae kwenye mfuko wake maalumu kiunoni, ifunikwe. Usiiweke mfukoni mwa suruali pamoja na funguo, wala kwenye droo ya gari, wala ndani ya kibegi unachokiacha kwenye kiti ukienda kunywa chai. Kuificha ni adabu nzuri, kwani mtu anayeipandisha shati ili wenzake waone anajitangaza kwa wezi. Isitoshe, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kumwonyesha dereva wa bajaji bastola kwa sababu kakuchomekea Mwanjelwa kunaweza kukufikisha hapo, hata kama leseni unayo.

Ukisimamishwa na polisi barabarani, mikono iwe juu ya usukani au mbele ya kifua. Sema mapema, kwa utulivu: "Afande, nina silaha yenye leseni, iko kiunoni upande wa kulia." Kisha ngoja uelekezwe. Usiingize mkono ndani ya koti kutafuta leseni. Baridi ya Makambako hata mchana watu wanavaa makoti makubwa. Askari haoni unachokitoa.

Kuna sehemu mimi nasema acha nyumbani, bila mjadala: baa na vilabu vya pombe, uwanjani Sokoine, mikutano ya siasa, misiba. Na ulanzi. Ndugu zangu wa Iringa na Njombe, msimu wa ulanzi ukifika, silaha ikae kwenye sefu na ufunguo apewe mtu asiyekunywa.

8. Safari. Kwa ndege kutoka Songwe, jitambulishe kwa polisi wa uwanja kabla ya mizigo kukaguliwa. Silaha haipandi na mzigo wa mkononi. Kwa basi la Dar es Salaam, risasi zitoke kwenye silaha, na silaha ikae nawe, usiiweke kwenye buti. Ukivuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi, leseni ya Tanzania inaishia mpakani. Usiseme "naenda Nakonde dakika kumi tu". Rudi, iache.

Bunduki ya marehemu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kesi nyingi nilizoziona kwetu hazihusu bastola za matajiri. Zinahusu bunduki ya mzee aliyefariki.

Mama mmoja wa upande wa Kilolo alifiwa na mumewe. Mzee alikuwa na shotigani ya leseni, ya kufukuzia ngedere na nguruwe pori kwenye mahindi. Baada ya arobaini mama akaona si salama kukaa nayo, akamwambia mwanawe aipeleke polisi. Nia njema kabisa. Kijana akaizungusha kiroba cha mbolea, akapanda bodaboda. Njiani kulikuwa na ukaguzi. Aliyekuwa na leseni yuko kaburini, aliyekuwa na bunduki hana leseni, na bunduki imefichwa kwenye kiroba. Ilichukua wiki za kulia na kukimbia huku na kule kuwaeleza wahusika kwamba alikuwa anaisalimisha. Kijana yule hakuwa mhalifu. Alikosa mtu wa kumwambia afanye nini.

Fanya hivi:

a. Leseni inakoma na mwenye leseni. Hairithiwi kama ng'ombe au shamba la chai. Siku mzee anapofariki, bunduki haina mwenye leseni mpaka mtu mwingine apewe yake.

b. Usiiguse zaidi ya lazima na usiisogeze. Funga chumba. Watoto na wageni wa msiba wasiingie.

c. Mapema, hata kabla ya arobaini, mwendee mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Waeleze mbele ya ndugu wawili. Wao wawasiliane na mkaguzi wa polisi wa kata au kituo, polisi waje kuichukua au watoe maelekezo ya namna ya kuifikisha. Kuwaita waje ndiyo njia ninayoipenda.

d. Wakiichukua, dai hati ya makabidhiano yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi, jina la marehemu, tarehe na sahihi ya askari. Piga picha hati hiyo. Bila hati, miaka mitano baadaye utaulizwa bunduki iko wapi na hutakuwa na jibu.

e. Ukoo ukae, msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Bunduki iorodheshwe kwenye mali za marehemu kama mali nyingine.

f. Kama kuna mwanafamilia anayeitaka na ana sifa, aombe leseni yake mwenyewe kuanzia hatua ya 2. Silaha inabaki polisi wakati anaomba. Asipokuwepo, msimamizi ajadiliane na polisi kuhusu kuiuza kwa mwenye kibali au kuikabidhi moja kwa moja.

Na magobole? Gobole ni silaha. Kwamba lilifuliwa na mhunzi wa kijijini na linajazwa baruti kwa mdomo hakulipunguzii kitu mbele ya hakimu. Ukilikuta darini kwa babu, fuata hatua b mpaka d. Serikali imewahi kutangaza kipindi cha msamaha cha Septemba na Oktoba, mwaka 2022 na tena 2023, watu wasalimishe silaha zisizo na leseni bila kushtakiwa. Kikitangazwa kingine, kitumie. Kisipokuwepo, tafuta wakili au msaidizi wa kisheria akusindikize, na upitie kwa uongozi wa kijiji.

Uzito wa kosa

Kumiliki silaha au risasi bila leseni kunashtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Tangu marekebisho ya 2016, adhabu chini ya sheria hiyo ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Risasi ni kosa linalojitegemea. Kijana aliyeokota risasi moja akaitoboa na kuivaa shingoni kama kidani ana risasi, na hana leseni.

Leseni ya silaha pia si kibali cha kuwinda. Kuwinda kuna vibali vyake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuingia na silaha ndani ya hifadhi bila ruhusa ni kosa jingine tena. Ninyi wa Idodi na Pawaga, mlio mlangoni mwa Ruaha, mnajua mpaka uko karibu kiasi gani. Tembo akiingia shambani, piga simu kwa afisa wanyamapori na mwenyekiti, pigeni madebe, washeni moto wa pilipili. Bunduki ya ndege haimwangushi tembo, inamkasirisha.

Mambo yakikwama

*Faili halionekani.* Nenda na daftari lako la tarehe, anzia ngazi ya mwisho unayojua ilipokea, panda moja moja. Usiruke.

*Jina kwenye NIDA na kwenye leseni ya zamani halifanani.* Rekebisha kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu kabla ya kuhuisha. Wazee wengi waliandikwa kwa jina la babu upande mmoja na la ubatizo upande mwingine.

*Leseni ni ya Mkoa wa Mbeya, lakini sasa niko Songwe.* Songwe ilizaliwa 2016, na Njombe ilitoka Iringa 2012. Jalada la zamani linaweza kuwa bado liko mkoa mama. Uliza pande zote mbili, na uombe kumbukumbu zihamishwe kwa maandishi.

*Silaha haikuhakikiwa mwaka 2016.* Ule uhakiki wa nchi nzima uliwapita wengine wakiwa shambani. Usiendelee kujificha nayo. Chukua karatasi zozote ulizonazo, iache silaha nyumbani imefungwa, nenda kwa OCD ukaulize.

*Leseni imepotea.* Toa taarifa ya upotevu polisi siku hiyohiyo, na usibebe silaha mpaka upate nakala. Tarehe ya mwisho wa leseni nayo iandike ukutani jikoni, mahali unapoiona kila siku.

*Silaha yenyewe imepotea au imeibwa.* Ripoti saa hiyohiyo, usiku au mchana, na uchukue namba ya taarifa. Watu huchelewa wakiona aibu, wanatafuta kwanza kimyakimya wiki nzima. Ikitumika kuibia dukani Mbalizi ndani ya wiki hiyo, namba yake itasomwa, na jina litakalotokea ni lako.

*Nimepiga risasi nikijitetea.* Sheria inaruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Mwizi anayekimbia na simu yako, mgongo kwako, hakutishii tena. Iwe imetokea vyovyote, weka silaha chini, msaidie aliyeumia apate gari la hospitali, piga simu polisi, usiokote maganda, na usiondoke pale mpaka wafike.